Damu Ipimwe Kwanza

Bangale si mji wa kufichia siri. Ni safu ya maduka kando ya barabara kuu itokayo Mwingi kwenda Garissa, na nyuma ya maduka ni pori la miba, ngamia na mbuzi. Mgeni akishuka kwenye basi asubuhi, haifiki adhuhuri watu wameshajua ni mwana wa nani, amefikia kwa nani na amekuja kwa haja gani. Nami nilishuka hapo kumzuru binamu yangu, mtu wa Lamu kama mimi, aliyehamia huko miaka mingi iliyopita akafungua duka la sukari, unga na majani ya chai.

Usiku wa pili, baada ya swala ya isha, mtoto wa huyo binamu yangu alinifuata barazani. Ni mtu mzima wa miaka 24. Alizaliwa akaandikwa msichana, akalelewa hivyo, lakini tangu utotoni mwake ajijua moyoni kuwa ni mwanamume. Mama yake analijua hilo. Baba yake naye analijua, ila hajataka kulijua. Kijana alikaa kimya kitambo, kisha akatoa mfukoni kichupa kidogo cha dawa kilichoviringishwa kitambaani.

"Ami," akaniambia, "wewe ni mtu wa vitabu na magazeti. Nataka kukuuliza jambo moja, na tafadhali usinijibu kwa hotuba. Dawa hii itaniua?"

Msomaji mpenzi, ameniruhusu kuyaandika haya. Hata hivyo nimebadili mawili matatu ili asijulikane, nawe usikae ukikisia ni nani, kwani faida ya habari hii haimo katika jina. Kwa bahati njema Kiswahili chetu humwita kila mtu "yeye", awe mume au mke, na kwa hivyo naweza kumwandika bila kumgombania.

Kichupa kile kilikuwa cha testosteroni, homoni ya kiume, ya kudungwa kwa sindano. Mtu kama huyu, ambaye siku hizi huitwa transijenda, huitumia ili mwili wake uelekee kule moyo ulikokwisha kufika. Sikuelewa yote aliyonieleza usiku ule, wala sitajifanya niliyaelewa. Lakini swali lake nililielewa barabara. Halikuwa swali la siasa wala la fatwa. Lilikuwa swali la afya, na mtu mzima akiuliza kama kitu fulani kitamuua, ana haki ya kupewa jibu.

Sikuwa nalo. Nikamwambia anipe muda nitafute. Leo naandika niliyoyapata, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine walio kama yeye, ambao wazazi wao husoma ukurasa huu.

HOMONI HII NI KITU GANI

Testosteroni si uchawi wala si sumu. Kila mwili wa binadamu huitengeneza, wa kiume kwa wingi na wa kike kwa uchache. Ndiyo iletayo ndevu, misuli na sauti nzito kwa mvulana anayebaleghe. Wanakemia wa Ulaya walifaulu kuitengeneza maabarani mwaka 1935. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1939, Mwingereza mmoja aitwaye Michael Dillon, aliyezaliwa akaandikwa msichana, alianza kumeza vidonge vyake. Mwaka 1944 cheti chake cha kuzaliwa kilibadilishwa. Baadaye alisomea udaktari, akafanya kazi melini, na akafariki huko India mwaka 1962. Basi jambo hili halikuzuka jana, wala halikuletwa na simu za mkononi kama wadhanivyo wazee wenzangu.

Huku kwetu neno hili liliingia masikioni mwetu kwa njia ya redio, katika habari za riadha. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mbio za mita 800 za wanawake zilishindwa na Caster Semenya wa Afrika Kusini, wa pili akawa Francine Niyonsaba wa Burundi, na wa tatu Margaret Wambui wetu wa Kenya. Baadaye wote watatu walikumbwa na kanuni zilizowataka wapunguze testosteroni miilini mwao ndipo waruhusiwe kukimbia mbio hizo. Wale si watu waliobadili jinsia, na tusiwachanganye. Ni wanawake waliozaliwa na miili yenye homoni hiyo kwa wingi. Ila mkasa wao ulitufunza kwamba homoni ni jambo zito, na asiyejua asiliguse.

Aliyelipia somo hilo kwa gharama kubwa ni jirani yetu wa Uganda, Annet Negesa. Mwaka 2012, akiwa mkimbiaji aliyetarajiwa kufika mbali, alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kilichokuwa kikitengeneza homoni hiyo mwilini mwake. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani akasema kwamba hakuelezwa vilivyo alichokuwa akienda kufanyiwa, na kwamba baadaye hakupata matibabu ya homoni aliyoyahitaji, akabaki na maumivu ya kichwa na viungo. Shirikisho la riadha la dunia limekana kuhusika. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja tu: homoni za mwili zikiguswa, ziwe zinapunguzwa au zinaongezwa, lazima awepo mjuzi wa kuzifuatilia. Mwili hauachwi njiani.

HOFU ZILIZO ZA KWELI

Turudi sasa kwenye swali la kijana. Hatari zipo, na ni vyema kuzitaja moja moja ili mtu aogope kinachostahili kuogopwa, aache kuogopa kisichostahili.

Ya kwanza ni damu kuwa nzito. Testosteroni huuhimiza mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi. Madaktari hupima ni sehemu gani ya damu iliyo chembe hizo, na ikipita asilimia 54 hupunguza dawa au huisimamisha, kwa kuwa damu nzito mno huweza kuganda mishipani, ikaleta kiharusi au donge la mapafuni. Kwa mtu wa Bangale jambo hili lina uzito wake. Jua la huko si la mzaha, na aliyeshinda juani bila maji, au aliyefunga mchana kutwa, damu yake huonekana nzito kuliko ilivyo. Basi akienda kupimwa na awe amekunywa maji ya kutosha, na kama amefunga amwambie daktari. Tena yuko mwenye shida iliyo kinyume: malaria ya mara kwa mara, hedhi nyingi au chakula haba vimempunguzia damu. Na mwenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao watu wa pwani twaufahamu, asithubutu kuanza kabla ya kumweleza daktari, kwani damu yake haistahimili kuongezewa uzito.

Ya pili ni moyo na presha. Dawa hii yaweza kupandisha presha, na aghalabu hupunguza yale mafuta mema ya damu. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya wanaume zaidi ya 5,000, wa miaka 45 hadi 80, waliokuwa na upungufu wa homoni hii na tayari wana maradhi ya moyo au dalili za kuyapata. Haikuonekana kwamba waliopewa testosteroni walipatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi kuliko wenzao. Lakini walizidi kidogo kwa madonge ya mapafuni na kwa mapigo ya moyo yaliyokwenda ovyo. Hao si vijana, wala si wa hali kama ya kijana wetu, na kwa hivyo tusiupake uchunguzi huo kila ukuta. Hata hivyo watosha kutuambia kwamba hatari ipo na hupimika. Sasa nani asiyejua kwamba mirungi hupandisha presha na kuyaharakisha mapigo ya moyo? Na sigara pia. Anayetafuna usiku kucha, kisha akajidunga sindano asubuhi, ameutwika moyo wake mizigo miwili.

Ya tatu ni uzazi, na hapa ndipo wengi hudanganyana. Kwa kawaida hedhi hukoma ndani ya miezi 6 hivi. Mtu akaona hedhi imekoma, akadhani hawezi kushika mimba. La hasha! Testosteroni si kinga ya mimba. Yai laweza kupevuka hata kama hedhi haionekani, na dawa hii humdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo sababu kipimo cha mimba hutangulia sindano ya kwanza. Tena anayetamani kuzaa siku moja, na alifikirie jambo hilo mapema. Wako walioiacha dawa wakapata watoto, ila hakuna daktari wa kweli atakayekuwekea dhamana.

Ya nne ni kwamba baadhi ya mabadiliko hayarudi nyuma. Akiiacha dawa, hedhi aghalabu hurejea na umbo la mwili hugeuka tena. Lakini sauti ikishashuka imeshuka, na ndevu zikishaota zimeota. Huenda upara nao ukaja, kama ulivyowajia baba zake. Chunusi ndiyo balaa ndogo kuliko zote. Mimi ni mtu wa mashairi na najua thamani ya sauti. Nilimwambia: "Mwanangu, hakikisha unaitaka sauti hiyo ukiwa na miaka 60, si ukiwa na 24 peke yake." Akanijibu: "Ami, hiyo ndiyo sauti ninayoisikia nikisoma kimoyomoyo." Sikuwa na la kuongeza.

Ya tano ni maungo yabakiayo. Maadamu mtu ana mlango wa kizazi, saratani ya hapo yaweza kumpata, hata akiwa na ndevu hadi kifuani. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya, na kukaguliwa mapema huokoa. Lipo na jambo jingine la huku, ambalo daktari wa mbali huenda asikumbuke kuliuliza. Katika baadhi ya jamii zetu watoto wa kike walitahiriwa, desturi ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeipiga marufuku. Dawa hii hukausha sehemu za siri, na penye kovu huenda pakauma zaidi. Aliyepitia hayo na amwambie daktari bila kuona haya, kwani haya ni za waliomfanyia, si zake.

Ya mwisho ni kile kichupa chenyewe. Kijana alikinunua kwa mtu wa kuinua vyuma, katika mji ambao hakunitajia. Hakuna cheti cha daktari, na maandishi yake yamefutika nusu. Dawa hizi huchanganywa na mafuta. Iitwayo Sustanon, kwa mfano, ina mafuta ya karanga, na ambaye mwili wake haupatani na karanga yaweza kumletea hatari papo hapo. Za bandia nazo zaweza kuwa na kitu chochote. Na wawili wakishirikiana sindano moja, wanashirikiana pia homa ya ini na virusi vya ukimwi. Katika hatari zote nilizozitaja, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kaburi, nayo haimo katika homoni hata kidogo.

GIZA NDILO LIDHURULO

Vipimo vinavyotakiwa kabla ya kuanza si vya ajabu: presha, picha kamili ya damu, mafuta ya damu, sukari, ini, mimba, na maswali juu ya maradhi ya ukoo. Kisha damu hupimwa tena kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza, na baada ya hapo mara moja au mbili kwa mwaka. Vingi vya vipimo hivi hufanywa kila siku kwa mama wajawazito na wazee wenye presha. Uzito uko katika kukaa mbele ya mhudumu na kueleza ni kwa nini unavitaka.

Kijana alikwisha kujaribu. Miezi iliyopita aliingia katika zahanati moja, sitasema wapi, akaeleza haja yake kwa sauti ya chini. Mhudumu alitoka akawaita wenzake waje kumtazama. Akaondoka bila hata presha yake kupimwa. Wiki iliyofuata akakinunua kile kichupa. Basi niambie, msomaji, zahanati ile ilimzuia nini? Haikumzuia dawa. Ilimzuia kipimo tu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Wako wanaodhani kwamba tukilinyamazia jambo hili, au tukilikaripia, litakwisha. Haliishi. Linahama tu kutoka mezani kwa daktari kwenda mfukoni kwa mwuza vichupa. Mambo niliyoyataja hapo juu, karibu yote huonekana mapema mtu akipimwa, na karibu yote hugeuka msiba akijificha.

Tena sheria haiko kimya kama tudhanivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na haikuandika "isipokuwa fulani". Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani libadili jina la Audrey Mbugua katika cheti chake cha shule na kuiondoa alama ya jinsia. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi milioni 1 mtu aliyebadili jinsia, aliyevuliwa nguo na kukaguliwa akiwa kizuizini, na ikaitaka serikali iweke sheria ya kuwalinda walio kama yeye. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali hii katika fungu la magonjwa ya akili, likaiacha katika mambo ya afya ili wenye haja ya matibabu wayapate.

Najua atakayeniuliza: "Na dini je, mwalimu?" Swali hilo ni la haki, hasa katika mji wenye misikiti kama Bangale. Nilipokuwa chuoni, tulipofika mlango wa mirathi, mwalimu wetu alitusomesha habari za huntha, yaani mtu ambaye mwili wake haukubainika kuwa wa kiume au wa kike. Nakumbuka tulicheka, naye akatuchapa. Kisha akatueleza kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafii, mtu huyo hupewa lile fungu lisilo na shaka, na lililobaki huwekwa mpaka mambo yabainike. Hakuna aliyesema afukuzwe, wala asipewe kitu.

Sitaki kuwadanganya. Huntha na kijana wetu si hali moja, na wanazuoni wengi wa Kisunni hawaafiki kuugeuza mwili uliobainika. Kwa upande mwingine Ayatollah Khomeini wa Iran aliruhusu, na nchini Misri jambo hili lilizua mjadala mkubwa mwaka 1988, mwanafunzi mmoja wa Al-Azhar alipofanyiwa upasuaji. Mjadala huo ni wa wenye elimu, na uendelee. Lakini nilichojifunza kwa fimbo ya mwalimu wangu ni kwamba palipo na shaka haki hupimwa kwa utulivu, na mtu hapokonywi lile fungu lisilo na shaka. Uhai wa mtu ni fungu lisilo na shaka.

TULIPOFIKIA

Siku ya tano tulisafiri pamoja mpaka hospitali moja kubwa. Tulimpata tabibu wa makamo ambaye hakushtuka wala hakucheka. Alimpima. Presha ilikuwa juu kidogo, na damu ilikuwa pungufu. Alimwuliza juu ya mirungi, na kijana akainamisha kichwa. Alimwuliza juu ya hedhi, naye akajibu kwa shida. Tabibu akasema kwamba upungufu huo peke yake haukatazi dawa, ila sababu yake ijulikane na itibiwe kwanza, mirungi iachwe, kisha vipimo virudiwe, ndipo aandikiwe barua ya kwenda kwa daktari wa homoni. Kijana alikasirika. Amengoja miaka 24, na sasa anaambiwa angoje tena. Sikumlaumu. Kurudi tulipanda gari kimya kimya, na usiku ule ule nilimwandikia beti hii moja, kwa kuwa alinikataza hotuba lakini hakunikataza ushairi:

Mwana ukitaka dawa, damu nenda kaipime,
Kwa woga wa kuzomewa, gizani usijichome,
Nasi tusiojaliwa, kuelewa tusiseme,
Hoja zaweza ngojewa, mwili kwanza usimame.

Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia katika kitambaa kile kile pamoja na kichupa. Anameza vidonge vya kuongeza damu. Kichupa anacho bado. Ameniambia hatakifungua mpaka vipimo virudiwe, nami nimemwamini.